Nani Alikupa Ruhusa ya Kutuonyesha?

Mimi nina ugomvi wa muda mrefu na vile vikaratasi vya makumbusho vinavyobandikwa chini ya picha. Unasimama mbele ya picha ya mama mtu mzima, amevaa hando lake, ile sketi ya mikunjo ya mama zetu, shanga shingoni, anamkazia macho mwenye kamera kwa jicho la "wewe nawe una shida gani", halafu unainama kusoma: Mwanamke wa Kigiriama, Pwani ya Kenya. Basi. Mpiga picha ameandikwa jina, aliyetoa picha kwa makumbusho ameshukuriwa, mwaka umekisiwa, lakini yule mama mwenyewe hana jina, hana kwao, hana watoto. Na mimi nimelelewa Kaloleni, najua kabisa kuna mtu mahali ambaye akiiona ile picha atasema ah, huyu si hawe yetu, yaani bibi yetu, alikuwa mkali huyu, alikuwa na minazi kule bondeni.

Ndio maana tulipoanza kupiga stori na wenzangu kuhusu kufanya maonyesho yetu wenyewe Kilifi, ukumbi wa kawaida tu wa mikutano na harusi, sharti la kwanza lilikuwa hilo. Hakuna kitu kinaingia bila jina la mwenyewe, na mwenyewe ndiye anaandika kibao chake, kwa lugha anayotaka, Kigiriama, Kichonyi, Kiswahili, akitaka aandike Kiingereza shauri yake. Asiyejua kuandika anasema, kijana anaandika, halafu anasomewa. Tulidhani hilo ndilo rahisi kumbe ndilo lililokula muda wote, manake ukimwambia mtu aandike mistari mitatu kuhusu kinu cha mamake anataka kurasa tatu, na ndani yake kuna shamba lililouzwa na shangazi ambaye hazungumzi na watu mpaka leo.

Vitu vilivyoletwa sasa. Mbuzi za kukunia nazi nyingi mno, mpaka ikabidi tuseme jamani mbuzi zimetosha. Kaha za kunywea tembo la mnazi na mirija yake. Picha za studio za miaka ya sabini zile zenye pazia limechorwa ndege au bahari nyuma, vijana na suruali za bogi na viatu vya kuazima. Hando moja halisi ya kitambaa cheupe, imekunjwa mikunjo mpaka unashangaa mtu alitembeaje nayo, na mwenyewe hakutaka iwekwe juu ya mwanasesere wa plastiki wa dukani, akasema hando haivaliwi na mzungu asiye na kichwa. Tukaitandaza mezani.

Halafu kuna jamaa alikuja na kipande cha babu yake. Vijana wengi hawajawahi kukiona hiki kitu, walikuwa wanasoma tu shuleni. Ile karatasi ya usajili ambayo serikali ya mkoloni ililazimisha wanaume Waafrika Kenya watembee nayo baada ya vita vya kwanza vya dunia, alama za vidole, jina la mwajiri, umeanza kazi lini umeacha lini, imo ndani ya kijikasha cha bati chenye kamba ya kuning'iniza shingoni. Jamaa alisimulia kwamba babu yake mpaka anakufa hakupenda mtu yeyote ndani ya nyumba avae kitu chochote cha kuning'inia shingoni, hata msalaba. Watoto walikuwa hawajui kwa nini. Waliona tu mzee ana vituko.

Na meza ya pili kutoka hapo, hii haikupangwa na mtu, ilitokea tu, alikaa mama mmoja wa Kipemba kutoka upande wa Malindi na kitambulisho chake cha taifa kipya, amekitia kwenye fremu ya picha. Fremu kabisa, ya dhahabu dhahabu. Kwa wasiojua, Wapemba wa pwani yetu ni watu ambao wazee wao walivuka kutoka kisiwa cha Pemba wakifuata samaki na biashara, vizazi na vizazi nyuma, na watoto wakazaliwa huku na wajukuu wakazaliwa huku, lakini serikali ikawa haiwajui mpaka 2023 ilipowatambua rasmi kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Kabla ya hapo huna kitambulisho, na bila kitambulisho laini ya simu ni ya jina la jirani, leseni ya uvuvi ni stori, mtoto akimaliza shule mambo yanaishia hapo. Wamakonde wa Kwale wao walitangulia kidogo, wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi mashamba ya mkonge, wakaishi miaka na miaka hawana karatasi, mpaka 2016 wakashika njia kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, wakaja kutangazwa kabila la 43.

Kwa hiyo unaona, hapa kuna mjukuu anaonyesha karatasi ambayo babu yake aliilaani, pale kuna mama anaonyesha karatasi ambayo aliilia. Ni serikali hizi hizi na karatasi zake. Wale wawili walizungumza sana siku ile, mimi nilikuwa napita pita na chai, nilisikia mama anamwambia, "Mwanangu, babu yako walimvisha, sisi walitunyima, wote walikuwa wanataka tusitembee." Nimewahi kusoma maandiko marefu ya wataalamu kuhusu uraia na hakuna lililonikaa kichwani namna hii.

Lakini msidhani ilikuwa mapenzi matupu. Huyu huyu mama asubuhi alikuwa amegombana na sisi vibaya. Kuna mtu katika kamati, kwa nia njema kabisa, alikuwa amepanga ukumbi pande mbili, upande wa "wenyeji" na upande wa "waliokuja". Mama akaisoma ile karatasi ya mlangoni akauliza, waliokuja ni nani. Kimya. Akauliza tena, nyinyi Wamijikenda si mnasema mlitoka Singwaya? Hapo wazee wa kwetu wakacheka mpaka mmoja akakohoa, manake kweli, kila mtoto wa Mijikenda anajua hiyo hadithi, kwamba tisa zote, Giriama, Digo, Rabai, Chonyi, Kauma, Ribe, Jibana, Kambe na Duruma, zilishuka kutoka Singwaya huko kaskazini zikijenga kaya zake, yale makazi ya wazee, msituni. Sasa nani mwenyeji? Karatasi ikatolewa mlangoni na meza zikapangwa kwa alfabeti, mpango wa kijinga kabisa lakini hakuna aliyeweza kuupinga.

Sasa nije kwenye ugomvi mkubwa, ambao mpaka leo ukikutana na watu fulani sokoni bado unaendelea. Kigango.

Kijana mmoja msanii, anachonga, ana mkono mzuri, alitaka kuleta kigango alichochonga mwenyewe akisimamishe katikati ya ukumbi na taa ikimulika kutoka chini. Kwa wale wa mbali: kwa Wagiriama mwanamume aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima zao na uwezo wao, akifa anachongewa nguzo ya mti mgumu, ndefu, bapa, kichwa cha mviringo, mwili wote umechorwa pembe tatu pembe tatu na kupakwa rangi. Hachongewi siku ya mazishi. Inaweza kupita miaka, mpaka marehemu amtokee mtu ndotoni au balaa liingie mjini kwake, yaani kwa familia yake, waulize wanaojua waambiwe fulani anataka kigango chake. Kikishasimamishwa ndio yeye huyo yuko pale. Anavishwa kitambaa, anamwagiwa tembo la mnazi, anaelezwa habari za nyumbani, nani ameoa, mvua imekataa. Na hakihamishwi. Familia ikihama kinabaki palepale, mchwa wakila ni haki yao, kikianguka kimeanguka.

Kwa hiyo mzee mmoja aliposikia habari ya taa ya kumulika kutoka chini, aliuliza swali moja tu. "Huyo ni nani?"

Kijana akasema si mtu, ni kazi yangu ya sanaa, nimekitengeneza kuheshimu utamaduni wetu. Mzee akasema sawa, kama si mtu kwa nini kina umbo la mtu, na kama ni mtu jina lake ni nani na nani alimwomba. Nyinyi wenyewe mmeweka sheria hapa hakuna kitu kinaingia bila jina. Mwenzangu mmoja akajaribu kusuluhisha, akasema basi tukachukue cha kuiga kule kwa wachongaji wa mjini, vile vya watalii, kila mtu atajua ni cha uongo. Mzee akamwangalia tu.

Nitoke kando kidogo hapa, kwa sababu wachongaji wamenikumbusha jambo ninalolipenda. Changamwe pale Mombasa kuna ushirika mkubwa wa wachongaji Wakamba, uko tangu miaka ya sitini, na ukienda utakuta Mkamba anachonga Mmasai wa kuuzia Mjerumani. Na ule uchongaji wenyewe wa kibiashara wa Wakamba, unaoonekana leo kama kitu cha Kenya kabisa, husimuliwa kuwa ulianza na mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa vita vya kwanza vya dunia, akawaona wachongaji wa huko akajifunza, akarudi nayo nyumbani. Mimi hii hainipunguzii kitu. Urithi unatembea, unaazimwa, unauzwa, haina neno. Ila twiga wa Changamwe hakuzaliwa na mtu na hana mjane. Kigango kina mjane.

Na uchungu wa wazee juu ya jambo hili una historia ambayo vijana wengi hawaijui. Kuanzia miaka ya sabini hivi vigango vilianza kung'olewa usiku. Vikaishia kwa wafanyabiashara wa vinyago Mombasa, kutoka hapo Marekani, kwa matajiri na waigizaji wa Hollywood wakiweka sebuleni, na wakichoka wanavitoa zawadi kwa makumbusho. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, 1999 yuko kwenye mkutano wa wasomi huko kwao, mwenzake Linda Giles anaonyesha slaidi, na katika slaidi anakiona kimoja cha vile vya mzee, kiko Illinois. Cha pili kikaja kupatikana makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Waliendelea kuhesabu wakafika karibu vigango 300 kwenye makumbusho za Marekani. Vile viwili vilirudi, 2007 kukafanywa sherehe kijijini, lakini mzee Mwakiru alikuwa ameshafariki. Fikiria tu, umewasimamisha ndugu zako, wameibwa, na unakufa ukijua wako mahali wamesimama kwenye nyumba za watu usiowajua.

Baada ya hapo wengine wakaanza kurudisha. Makumbusho ya Denver ikatangaza kuachilia 30, na 2023 ya Illinois ikarudisha 37. Habari njema. Lakini kuna vilivyofika Nairobi vikakwama uwanja wa ndege kwa sababu ya ushuru. Ndiyo, ushuru. Babu za watu wanarudi nyumbani, karatasi zinasema ni bidhaa ya sanaa, lipeni. Unaona sasa kwa nini yule mzee hakutaka kusikia neno sanaa?

Mimi nilikuwa upande wa mzee na bado niko, lakini siwezi kuwadanganya kwamba hoja za kijana zilikuwa za kitoto. Alisema hivi, na alisema kwa sauti ya juu kidogo kuliko adabu inavyotaka: vigango havikuibwa na Wazungu, viliibwa na watoto wetu, waliokuwa hawana kazi, wakamuuzia tajiri. Na waliiba kwa sababu hakuna aliyewafundisha ni nini, wazee mlifanya siri, sisi tukaambiwa kanisani ni mashetani na shuleni hatukuambiwa chochote. Sasa mimi ninayetaka kuonyesha mnanikataza, aliyeiba hamkumkataza.

Hapo ukumbi ulinyamaza vibaya. Kwa sababu kuna jambo jingine lilikuwa limekaa pale pale kati yetu na kila mtu alilijua. Huku Kilifi wazee wanauawa. Mtu akiota mvi anaanza kuogopa wajukuu zake. Wanaambiwa ni wachawi, na mara nyingi ukichimba chini ya huo uchawi unakuta ekari kadhaa za shamba. Kule Ganze kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee waliotishiwa maisha wanakimbilia wakae. Yaani watu wanaojua kigango kinavishwaje, kinaambiwa nini, ndio haohao wanakimbizwa na mapanga, halafu mwaka ukizunguka tunavaa kitenge tunakwenda kusherehekea turathi. Kila Agosti Mekatilili wa Menza anakumbukwa, na anastahili, mwanamke aliyekusanya watu kwa ngoma ya kifudu 1913 wakatae kodi na kazi ya lazima, akakamatwa akapelekwa Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu, Waingereza wakaja kulipua Kaya Fungo kwa baruti 1914. Sanamu yake iko Malindi. Lakini mimi hujiuliza, Mekatilili angekuwa hai leo, mjane mtu mzima, mwenye sauti, anayejua mambo ya kiapo, angemaliza mwaka hajaitwa mchawi?

Hilo nililisema ukumbini na wengine walikasirika, wakasema si mahali pake. Kwangu hapo ndipo mahali pake hasa. Watu wa miradi wanalipenda sana neno jamii, kwamba jamii imeshirikishwa, jamii imekubali, na picha ya jamii ikiwa imekaa kwenye viti vya plastiki inapelekwa kwa mfadhili. Jamii gani? Aliyeiba ni jamii, aliyeibiwa ni jamii, mzee anayeogopa kulala kwake ni jamii, kijana anayemwogopesha ni jamii, mama wa Kipemba alikuwa nje ya jamii mpaka juzi na leo ni jamii. Maonyesho ambayo hao wote wamekaa kimya wakipiga makofi, ujue kuna mtu hakuitwa.

Mwisho wa ule ugomvi tulifanya nini? Tuliacha nafasi katikati ya ukumbi, tukazungushia kamba, hamna kitu. Kijana akaandika kibao chake, mzee akaandika chake, vikakaa ubavu kwa ubavu. Kibao cha kijana kilikuwa na hasira, cha mzee kilikuwa kifupi: "Hapa hakuna mtu. Mkitaka kuwaona waulizeni kwa adabu, mtapelekwa." Wazo la nafasi tupu hatukulibuni sisi, niseme wazi. 2021 kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi kulikuwa na maonyesho yanaitwa Invisible Inventories, wasanii wa The Nest na wenzao wa SHIFT pamoja na makumbusho yetu na ya Cologne na Frankfurt kule Ujerumani, walikuwa wamekusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko nje, zaidi ya 32,000, na mojawapo ya vitu walivyoonyesha ni makabati ya vioo matupu. Unatembea unaangalia hewa. Ndani ya habari hizo kuna ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, Waingereza waliichukua mwanzoni mwa karne iliyopita na iko British Museum, si hata kwamba inaonyeshwa, iko stoo. Watu wa nasaba ya mfalme wa Wapokomo wameshakwenda London wakaonyeshwa ngoma yao wenyewe kama wageni, wakarudi mikono mitupu.

Tofauti ni kwamba kabati tupu la Nairobi linasema kuna kitu kiliibwa kirudisheni. Letu lilisema hata kikirudi si lazima mkione. Nilipenda zaidi letu, na sisemi hivyo kwa sababu ni letu tu.

Watoto wa shule ndio walioielewa haraka. Wakubwa walikuwa wanauliza mbona hapa hamjamaliza kupanga.

Mambo mengine nitapita haraka. Pesa, tulichanga, na kuna ofisi moja ilituahidi ikaleta bango lenye nembo yake na soda. Wageni rasmi walichelewa, wakahutubia kuhusu utalii, wakapiga selfi na hando, wakaondoka kabla ya chakula. Ukumbi ulikuwa na joto la kufa mtu. Ukitaka kufanya kitu kama hiki kwenu, tenga hela ya nauli ya wazee kwanza kabla ya kitu kingine chochote, bodaboda haimfai mtu wa miaka themanini, na usimwite mzee akae siku nzima akisubiri kuzungumza dakika tano. Na rekodi sauti. Tulirekodi zaidi ya tulivyopiga picha, kwa ruhusa, na wengine walisema hii rekodi lakini usiicheze nikiwa hai, na faili hizo zimeandikwa hivyo hivyo.

Swali lililobaki mezani ni la vigango vinavyorudi. Vingi havijulikani vilitoka mji gani, waliouza hawakuandika, walionunua hawakuuliza. Watu wa makumbusho wanasema vitunzwe Nairobi au Fort Jesus, mahali pasipo na mchwa wala mwizi. Mimi nasema viletwe Kilifi wazee wa kaya waamue, na wakiamua vikasimamishwe chini ya mti mchwa wavile, basi wavile, ndivyo vilivyochongwa. Mwenzangu mmoja kwenye kamati anaona huo ni wazimu, anasema nitakuja kujuta siku mjukuu wangu atakapouliza kigango ni nini na hakuna hata kimoja cha kumwonyesha. Hatujakubaliana. Yule kijana mchongaji naye wiki iliyopita nilimkuta kwa yule mzee, wamekaa chini ya mkanju, na mzee anamfokea kwamba pembe tatu zake anazipanga vibaya.